Anazijua tarehe zote, mbona insha inamwangusha?

*"Mwanangu ana miaka 16, yuko sekondari. Historia anaipenda tangu mdogo. Ukimwuliza tarehe ya tukio anakujibu kabla hujafunga mdomo. Muhula huu, katika somo la Historia na Uraia, amepata 92 kwenye majaribio ya maswali mafupi na ya kuchagua, 54 kwenye insha, 48 kwenye mradi wa utafiti (aliuchelewesha) na 85 kwenye kazi za darasani. Nimejumlisha nikagawa kwa nne, nikapata karibu 70, ambayo shuleni kwao ni B. Ripoti imekuja na 67 na C. Karatasi ya maelezo ya somo waliyopewa mwanzoni inasema majaribio 25%, insha 40%, mradi 20%, kazi za darasani 15%. Kwenye insha mwalimu anaandika tu 'unasimulia, hujengi hoja'. Insha ya mwisho ilikuwa ya uraia. Mwanangu alitetea kwamba kupiga kura kuwe lazima kisheria, akapewa 51, na anasema mwalimu aliwahi kutamka darasani kwamba hakubaliani na wazo hilo. Je, anaonewa? Nimtafutie tuisheni, nimhamishe darasa, au nikate rufaa?"*

Ndugu mzazi, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama hesabu ya ripoti ni sahihi, kwa nini mtoto anayeijua historia anafeli kuiandika, na kama mwalimu anamtendea haki. Nianze na hesabu, maana ndiyo nyepesi, na ukishaiona vizuri utajua nguvu za kijana zielekezwe wapi.

Ulipogawa kwa nne ulizipa kazi zote uzito sawa. Shule haikufanya hivyo. Majaribio yamechangia 23 (yaani robo ya 92), insha 21.6, mradi 9.6, na kazi za darasani 12.75. Jumla ni 66.95, ndiyo hiyo 67. Ripoti iko sawa.

Sasa ichezee hesabu hiyohiyo kidogo. Kijana akipata 100 kwenye majaribio yote, jambo ambalo pengine ndilo analolikeshea, matokeo yake yatapanda kwa alama 2 tu na kufika 68.95. Bado C. Akiipandisha insha kutoka 54 hadi 70, ambayo si maajabu, anaongeza 6.4 na kufika 73.35. Mradi peke yake ukifika 70, anafika 71.35. Kwa maneno mengine, saa anazotumia kukariri tarehe za ziada zinaenda mahali ambapo hakuna alama zilizobaki za kuokota. Mwonyeshe mwenyewe hesabu hii kwa kalamu na karatasi. Vijana wengi hawajawahi kuonyeshwa, na huwabadilisha kuliko mahubiri.

Na kuhusu hiyo herufi C, usiihofu kupita kiasi wala usiidharau. Mpaka kati ya gredi na gredi ni uamuzi wa watu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa Tanzania B huanzia 65 na A huanzia 75. Katika shule nyingi za Marekani A huanzia 90, na 67 ni D. Alama ni ileile, herufi tofauti. Kinachokupa habari ni zile namba nne zilizo nyuma ya herufi.

Miongoni mwa hizo, 54 ya insha ndiyo ninayotaka tuikague kwa karibu, kwa sababu ni wastani, na wastani huficha. Tuseme aliandika insha nne. Anaweza kuwa alipata kati ya 50 na 58 kila mara. Lakini pia anaweza kuwa alipata 72, 72, 72 na sifuri kwa insha moja ambayo hakuikusanya, na wastani wake ungekuwa 54 vilevile. Wa kwanza hajui kuandika insha ya historia. Wa pili anajua, ila kuna siku moja ilimponza. Dawa zao hazifanani hata kidogo. Kabla ya kufanya lolote, omba alama za insha moja moja. Maoni ya mwalimu yananielekeza kwenye hali ya kwanza, lakini nimeona mara nyingi mno sifuri moja iliyosahaulika ikiwapeleka wazazi kwenye tuisheni isiyohitajika.

Sasa tuje kwenye kiini. Unaniambia mwanao anajua historia kwa sababu anajua yaliyotokea na lini. Wazazi wengi wanaamini hivyo, na majaribio ya kuchagua jibu yanawathibitishia. Ila somo linapofika ngazi ya sekondari ya juu, kujua yaliyotokea ni tiketi ya kuingilia tu. Kinachopimwa ni unachokifanya nayo.

Mtafiti wa Marekani, Sam Wineburg, alichapisha mwaka 1991 utafiti ambao kila mwalimu wa historia angepaswa kuujua. Aliwapa wanahistoria na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari nyaraka zilezile kuhusu mapigano ya Lexington ya mwaka 1775, yaliyofungua vita vya uhuru wa Marekani, akawataka wafikiri kwa sauti wanapozisoma. Baadhi ya wanafunzi hao walikuwa wanayajua mambo mengi kuhusu mapinduzi ya Marekani kuliko baadhi ya wanahistoria, ambao ubobezi wao ulikuwa kwingine kabisa. Hata hivyo wanahistoria walisoma tofauti. Kabla ya kuingia kwenye waraka walitazama nani kaandika, lini, akimwandikia nani, na kwa faida gani. Kisha waliuweka waraka mmoja mbele ya mwingine na kuuliza unakubaliana wapi na unapingana wapi. Wanafunzi walisoma kila waraka kana kwamba ni kitabu cha kiada: habari zimo ndani, kazi yao ni kuzichota. Kumbukumbu yao ilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mwandishi wa waraka naye ni wa kuhojiwa.

Mwanao, kwa jinsi unavyomweleza, ni mwanafunzi wa aina hiyo. Nikupe mfano wa jinsi inavyoonekana kwenye karatasi. Swali: *"Kwa kiasi gani Mkutano wa Berlin ulisababisha kugawanywa kwa Afrika?"* Mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri huandika hivi:

*"Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884 na kumalizika tarehe 26 Februari 1885. Mwenyeji wake alikuwa Bismarck. Mataifa 14 yalihudhuria. Hakuna mtawala wa Kiafrika aliyealikwa. Baada ya hapo Afrika iligawanywa."*

Hakuna kosa la tarehe hapo, na bado msahihishaji atatoa alama za chini. Swali liliuliza *kwa kiasi gani*, aya imejibu *nini kilitokea*. Tena ile sentensi ya mwisho imepenyeza dai kubwa bila kulitetea: kwamba kwa kuwa jambo B lilikuja baada ya A, basi A ndilo lililolizaa. Linganisha na hii:

*"Mkutano wa Berlin haukuanzisha kugawanywa kwa Afrika; uliweka kanuni zilizoharakisha kazi iliyokwisha kuanza. Ufaransa ilikuwa imeivamia Algeria tangu 1830 na kuitwaa Tunisia 1881, na Uingereza iliikalia Misri 1882, yote kabla ya mkutano. Kilichoongezwa na Berlin ni sharti kwamba taifa linalotwaa sehemu mpya ya pwani ya Afrika liyaarifu mataifa mengine na lionyeshe kuwa lina mamlaka ya kweli hapo. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, kwa mikataba ya mataifa mawili mawili kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa 1890."*

Hesabu miaka iliyomo. Haikupungua. Tofauti ni kwamba kila mwaka umepewa kazi: 1830, 1881 na 1882 ipo kuthibitisha neno "haukuanzisha", na 1890 ipo kuonyesha kwamba mipaka haikuchorwa yote mezani pale Berlin. Kwa hiyo usimwambie mwanao kwamba kukariri ni upuuzi. Asingekuwa na tarehe hizo kichwani asingeweza kuiandika aya ya pili. Mzigo anao, bado kuuelekeza mahali.

Kama unadhani ni mwalimu wa mwanao tu mwenye mbwembwe, tazama mtihani mmoja mkubwa unaotangaza vigezo vyake hadharani, ule wa AP wa historia ya Marekani (mtihani wa ngazi ya chuo wanaoufanya wanafunzi wa sekondari wa huko). Insha yake ndefu ina alama 6: moja ya hoja kuu, moja ya kuliweka tukio katika muktadha wake, mbili za ushahidi, mbili za uchambuzi. Na hata zile mbili za ushahidi, ya kwanza unaipata kwa kutaja mifano mahsusi, ya pili kwa kuitumia mifano hiyo kutetea hoja. Mwanafunzi anayetaja tu, hata ataje mingi kiasi gani, hapo ameshika moja kati ya mbili, na hoja na uchambuzi vimempita. Hata akipata na ile ya muktadha, kurasa tano za matukio sahihi zinaweza kupata theluthi moja ya alama bila mtu yeyote kuonewa.

Hapo mwalimu wake naye nina neno la kumwambia. "Unasimulia, hujengi hoja" ni maoni ya kweli, lakini kwa kijana asiyejua hoja inafananaje hayamsaidii. Akiyasoma anadhani anaambiwa aongeze maneno makali. Una haki ya kuomba jedwali la vigezo vya kusahihishia na insha moja iliyopata alama za juu, jina la mwenyewe likiwa limefutwa. Mwalimu makini atatoa bila kununa.

Insha ya uraia inakugusa zaidi, naelewa, maana hapo linaingia suala la haki. Nianze na dhana inayopotosha wanafunzi wengi: kwamba uraia ni somo la maoni, na maoni hayasahihishwi. Msimamo kweli hausahihishwi. Kinachosahihishwa ni ngazi zilizomfikisha hapo. Aliyetetea kura ya lazima na aliyeipinga wanaweza wote kupata 85, na wote wanaweza kupata 40.

Sijaiona insha yake, kwa hiyo nikuambie ningetafuta nini ndani yake. Kwanza, ushahidi wa mahali ambapo jambo hilo limejaribiwa. Australia ilipitisha kura ya lazima kwa uchaguzi wa kitaifa mwaka 1924. Katika uchaguzi wa 1922 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Katika ule wa 1925 walizidi 90. Huo ni ushahidi wenye nguvu, nao una thamani kuliko aya mbili za "kupiga kura ni wajibu wa kila raia mwema". Pili, ningetafuta kama ameeleza namba hiyo inathibitisha nini na haithibitishi nini: kwamba sheria huwafikisha watu kituoni ni jambo moja, kwamba wakifika wanachagua wakiwa na uelewa zaidi ni jingine. Tatu, na hapa ndipo wengi huanguka, ningetafuta hoja pinzani katika sura yake bora. Mpinzani makini wa kura ya lazima hasemi watu ni wavivu. Anasema kutopiga kura nako ni kauli ya kisiasa, na dola haina haki ya kumlazimisha raia azungumze. Insha ambayo haijakutana na hoja hiyo uso kwa uso ni nusu insha, hata kama msahihishaji anakubaliana nayo mia kwa mia.

Je, inawezekana mwalimu alimwonea kwa sababu ya msimamo? Inawezekana. Usahihishaji wa insha si mizani ya dhahabu. Mwaka 1912 na 1913 watafiti wa Marekani Daniel Starch na Edward Elliott waliwapelekea walimu wengi nakala za karatasi moja ya mtihani waisahihishe. Walifanya hivyo kwa Kiingereza, kwa hisabati na kwa historia. Karatasi ileile ilirudi na alama zilizotawanyika kuanzia kufeli hadi kufaulu vizuri, hata hisabati. Ndiyo maana leo kuna majedwali ya vigezo, na ndiyo maana shule zinazojali huwapa walimu wawili insha ileile.

Ila kabla ya kumtuhumu mtu, rudi kwenye zile alama za insha moja moja. Ikiwa insha zake za historia, zisizo na siasa ya leo ndani yake, nazo zimepata 50 na kitu kwa maoni yaleyale, basi 51 ya uraia haihitaji maelezo ya chuki. Ni alama yake ya kawaida. Ikiwa zile nyingine zina 70 na zaidi, na hii imeshuka ghafla baada ya kugusa jambo ambalo mwalimu ana msimamo nalo, hapo una sababu ya kuuliza. Na uliza kwa namna inayojibika: "Ni kigezo gani alikikosa, na kwenye aya ipi?" Ukimwuliza "kwa nini hukumpenda mwanangu?" atajitetea, na hutajua kitu. Angalia pia kama kuna mwanafunzi aliyetetea msimamo huohuo akafanya vizuri. Akiwepo, tuhuma inapoteza miguu.

Mradi nitaupitia haraka. 48 inaweza kuwa kazi mbovu, au kazi nzuri iliyokatwa alama kwa kuchelewa. Iulize shule iligawaje. Binafsi sipendi kuchanganya uchelewaji na ufahamu katika namba moja, kwa sababu inamficha mzazi asijue tatizo ni lipi. Lakini kama kanuni ya kuchelewa ilikuwa kwenye karatasi ya mwanzo wa muhula, shule iko ndani ya haki yake, na nguvu zako zielekeze kwenye kuuliza kama kuna nafasi ya kuwasilisha upya.

Kuhusu njia tatu ulizozitaja: rufaa ningeiacha kwa sasa. Hesabu haina kosa, na rufaa juu ya ubora wa insha hufaulu pale unapoweza kuonyesha kigezo kilichotumika vibaya, si pale unapoona alama ni ndogo. Kuhama darasa kutakuwa na maana kama uonevu umethibitika. Vinginevyo kijana atahamia kwa mwalimu mpya na insha zilezile. Tuisheni inategemea inafanya nini. Vituo vingi vya tuisheni ya historia vinauza muhtasari wa kukariri na majibu yaliyopikwa, yaani vitamwongezea kile alichonacho tele. Ukimpata mtu atakayekaa naye juu ya insha mbovu na kuiandika upya pamoja naye, mlipe. Swali la kumpima ni moja tu: mwombe akueleze angefanya nini na insha yenye 54. Akianza kuzungumzia noti za kukariri, endelea kutafuta. Na programu za kompyuta zinazoandika insha nzima kwa amri moja mwondolee kabisa katika kazi hii. Udhaifu wake uko kwenye kujenga hoja, nazo zinamjengea.

Mimi ningeanza na kitu kisicho na gharama. Achukue insha ya zamani, ile yenye alama ndogo kuliko zote. Juu ya karatasi mpya aandike jibu lake la swali kwa sentensi moja ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuibishia. "Mkutano wa Berlin ulifanyika 1884" haibishiki, kwa hiyo si hoja. Akishaipata, apitie insha ya zamani sentensi kwa sentensi na kuiuliza kila moja: unaisaidiaje ile ya juu? Isiyojibu ifutwe, hata kama ni ya kweli, hata kama aliikariri kwa jasho. Zilizobaki azifunge na hoja kwa maneno yake. Kisha ampelekee mwalimu aya mbili tu, si insha nzima, na kumwuliza kama sasa ni hoja. Mwalimu mwenye madarasa mengi hana muda wa kurasa sita za ziada, ila aya mbili atazisoma amesimama.

Mwalimu mtafute ana kwa ana, na mwanao awepo, azungumze yeye kwanza. Nenda na insha zote na karatasi ya maelezo ya somo. Kama majibu ya mwalimu hayana kigezo hata kimoja, au anakataa kuonyesha namna alivyosahihisha, hapo panda kwa mkuu wa idara au mwalimu wa taaluma na uombe insha hiyo isomwe na mwalimu wa pili asiyeiona alama ya kwanza. Ombi hilo ni la kawaida, halina ukali wowote.

Kuna jambo moja la mwisho la kuchunguza nyumbani, kwa sababu pengo kati ya 92 na 54 ni kubwa. Mwulize swali la Berlin kwa mdomo na umwache azungumze dakika tano. Akijenga hoja vizuri kwa kuongea lakini karatasi ikamshinda, mwandiko ukiwa wa taabu, sentensi zikikatika njiani, hamalizi mitihani ya maandishi hata katika masomo mengine, basi huenda tatizo halihusu historia. Wako wanafunzi werevu wenye ugumu wa kusoma au kuandika ambao kumbukumbu yao nzuri imewaficha kwa miaka. Huyo apelekwe kwa mwalimu wa ushauri nasaha wa shule na, kupitia kwake, kwa mtaalamu wa matatizo ya ujifunzaji, apimwe. Mifumo mingi ya mitihani huruhusu muda wa ziada kwa mwenye ripoti ya mtaalamu, na maombi yake huwa na tarehe ya mwisho miezi mingi kabla ya mtihani, kwa hiyo ukiona dalili hizo usisubiri ripoti ya muhula ujao.